Krismasi ya Mwezi wa Nane

Aliyeiweka Krismasi Desemba hakuwahi kulima mahindi. Kumbukumbu ya kale kabisa inayotaja Noeli kuadhimishwa tarehe 25 Desemba imetoka Roma, mwaka 336, na huko Roma Desemba ni mwezi wa watu walioshiba: nafaka iko ghalani, divai iko mapipani, shamba limelala. Mapadre Weupe walipofika Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na wenzao baadaye wakapanda kuja huku juu Ufipa, walikuja na kalenda ile ile. Hawakuuliza mvua ya huku hunyesha lini. Ndiyo maana mpaka leo Mfipa huipokea sikukuu kubwa kuliko zote akiwa na jembe mkononi, tope magotini, na mfuko usiobaki na kitu ila risiti ya mbolea.

Kwa asiyeijua Sumbawanga: mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo wake humfanya mgeni wa Dar es Salaam avae mashati yote aliyokuja nayo kwa mpigo. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Kuanzia Mei tunavuna, upepo unakausha, Julai tunapukuchua, Agosti na Septemba tunauza. Hapo ndipo mkoa wa Rukwa, unaotajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kila yanapotajwa mahindi ya nchi hii, unapokuwa na fedha ya kushikika. Mwezi wa nane wanaume wa Katandala huanza kuongea kwa sauti kubwa. Harusi kila Jumamosi, watu wanachangia bila kukumbushwa, hata wadeni wanakusalimia wenyewe. Oktoba inataka mbegu. Novemba inataka mbolea ya kupandia na vibarua. Ikifika Desemba, wadeni wamerudia njia zao za uchochoroni, na mbele inasubiri Januari na sare zake za shule na madaftari yake.

Kwa hiyo Mama alikata shauri zamani kwamba Krismasi inunuliwe fedha ikiwepo. Mpaka leo naona hesabu yake ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba kitu kilichonunuliwa Agosti hakina budi kuishi na watu hadi Desemba, na nyumba yetu haikuwahi kukaa na kitu kwa amani muda wote huo.

Tuanze na nguo, maana sikukuu ya mtoto ni nguo. Mti, taa na makorokoro mengine vyaweza kukosekana na watu wakasali vizuri tu. Lakini mtoto asiye na nguo mpya siku ya Krismasi hatoki nje. Atasema tumbo linamuuma hadi jua lizame, na kesho yake atapona.

Mama alikuwa ananunua jora zima la kitambaa. Jora ni nafuu kuliko kupimiwa mita, na watoto waliovaa kitambaa kimoja hawapotei kwenye umati wa kanisani. Wasichana magauni, wavulana mashati, kilichobaki foronya, kilichobaki tena kifuniko cha redio. Mwaka mmoja mgeni mmoja alitusimamisha nje ya kanisa akatuuliza kwaya yetu inatoka parokia gani.

Fundi cherehani wa Desemba kila mtu anamjua: njoo kesho, njoo kesho kutwa, umeme ulikatika, sindano imevunjika, mke anaumwa. Fundi wa Agosti ni mtu mwingine kabisa. Ana nafasi, ana adabu, anapima mara mbili. Wetu alikuwa na swali moja tu la kutatiza: "Mama, hawa watoto mpaka Krismasi watakuwa wamefikia wapi?"

Hapo kikao kilianza. Mama aliangalia miguu. Bibi aliangalia ukoo: "Huyu kamfuata babu yake. Hao hukua ghafla mvua za kwanza zikiwanyeshea." Baba alisema inategemea mavuno, mtoto anakua kwa kadiri ya ugali. Fundi, penseli sikioni, aliandika kila hukumu kwa vidole: huyu pindo la vidole vinne, yule vitatu, huyu mkubwa amefika, mshone kama alivyo. Kukadiria mtoto ni kama kukadiria shamba. Bwana shamba mwenyewe, aliyesomea, hukosea.

Kaka yangu mwenye vidole vinne aligoma kwenda juu. Mwaka ule alikua nyayo tu. Shati lake likawa joho, na alipopanda kupokea komunyo watu wawili walimpisha wakidhani ni mhudumu wa altare. Dada yetu mkubwa, aliyetangazwa kuwa amefika, hakuwa amefika hata nusu ya safari. Gauni lilimfunga kifuani hivi kwamba alisali misa nzima bila kuvuta pumzi, na Utukufu ukaimbwa pembeni yake yeye akichezesha midomo tu.

Aliyeshangaza zaidi ni Baba. Hakuna aliyefikiria kumkadiria Baba, maana mtu mzima hakui. Alipimwa suti ya kaunda Agosti, pamoja na watoto. Lakini Agosti ni mwezi wa mashavu. Mtu ametoka kuvuna, anakula mahindi mapya na maharage mapya, jioni anapita mahali kunywa kimpumu, kazi ni kukaa uwanjani akilinda magunia. Desemba mtu huyo huyo ameshalima, amepanda, na anarudi usiku. Watoto walikuwa wamerefuka, Baba alikuwa amepungua. Suti iliingia kanisani, yeye akiwa mahali fulani ndani yake, kashika kiuno kwa mkono wa kushoto kuanzia wimbo wa mwanzo hadi baraka. Alipotakiwa kutoa amani kwa jirani alitoa mkono wa kulia peke yake. Majirani walisema mwaka huu mzee ana maringo.

Zawadi za watoto zilikuwa idara ya Baba, na Baba aliamini kwamba mahali pa siri katika nyumba ya mkulima ni kwenye mahindi. Alikuwa na sababu. Stoo yetu ilipangwa magunia hadi karibu na bati, na mengi yalitiwa dawa kwa ajili ya dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini miaka ya mwanzo ya 1980. Alionekana kwanza Tabora, na kwa jinsi alivyosaga mahindi ya watu, wakulima wakambandika jina la lori: Skania. Mtoto alikuwa haruhusiwi kugusa gunia lenye dawa. Baba akaona amepata mlinzi asiyelipwa.

Akanunua viatu vya kitinda mimba wetu, vile vyenye taa kisiginoni zinazowaka kila mtoto anapokanyaga. Akavifunga kwenye mifuko ya nailoni mmoja juu ya mwingine, akavifukia katikati ya gunia lisilo na dawa lililobanwa na yenye dawa, akashona mdomo, akapiga alama ya mkaa ubavuni. Hakumwambia mtu. Mama hasa hakuambiwa, kwa kuwa Mama, kwa maneno ya Baba, siri akikabidhiwa huitafutia mtu wa kuitunza naye.

Oktoba bei ikapanda kidogo. Baba alikuwa Laela msibani. Mama akamwita dalali.

Baba aliporudi alisalimia, akapewa maji, akapita stoo. Akatoka. Akaingia tena, tukamsikia anahesabu. Akatoka, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu:

"Mama watoto, lile lenye mkaa liko wapi?"

"Liko Tunduma," akasema Mama, akijivunia. "Nimepata bei nzuri."

Kutoka kwetu hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200. Siku hizi ni lami na mtu anafika akiwa bado na sura yake. Enzi za vumbi ulifika ukiwa na rangi ya mtu mwingine. Baba alikuwa akifikiria nauli wakati simu ilipoita. Alikuwa dalali, na hakupiga kushukuru. Gunia moja limekutwa na viatu, alisema. Viatu vina uzito, uzito ule ameulipia kwa bei ya mahindi, kwa hiyo anadai kilo yake. Baba akamwambia rudisha viatu, nitakupa kilo mbili. Dalali akajibu kwamba yeye alinunua gunia na vilivyomo, na vilivyomo ni pamoja na viatu, ila kilo bado anaidai. Walibishana mpaka salio la dalali likakaribia kuisha. Ndipo Mama alipoomba simu.

"Mwanangu, shikamoo hujaniamkia, lakini tuache hilo. Yale mahindi uliyoyapandisha juu ya mdomo wa gunia, ile lumbesa uliyoshonea kamba mbele ya macho yangu, uliilipia?"

Upande wa pili kukawa kimya.

"Kila gunia, mwanangu. Nianze kupiga hesabu, au?"

"Shikamoo, Mama," ikasema simu. "Viatu vitakuja na basi la kesho."

Lumbesa imepigwa marufuku tangu sijazaliwa na viongozi wa kila awamu, na sikuwahi kuiona ikimfaidia mkulima isipokuwa siku ile.

Kilichotokea kesho yake kilitokana na uchovu. Baba alikuwa shambani, Mama sokoni, na konda alipopiga simu kwamba kuna kifurushi stendi, aliyekuwa nyumbani na miguu ya haraka ni kitinda mimba. Akatumwa. Alikuta kimefungwa gazeti, na ndani ya gazeti kuna kitu kinawaka na kuzima, nyekundu na bluu, kwa sababu basi lilikuwa limekipigapiga njia nzima. Watu stendi walikuwa wamekisogelea kwa tahadhari, hakuna aliyetaka kukigusa. Yeye akakifungua pale pale, akavivaa, akarudi nyumbani anaruka. Krismasi yake aliila siku hiyo na kuimaliza. Ilipofika Desemba ni kisigino cha kulia tu kilichokuwa kinawaka, na alitembea kanisani akikanyaga kwa mguu huo kwa nguvu zaidi, kama askari aliyesahau gwaride.

Mama huwahi miezi minne. Shangazi yetu wa Dar es Salaam huwahi miezi kumi na moja. Hoja yake ni kwamba mwezi wa kwanza wafanyabiashara wa Kariakoo wamekwama na mapambo, watakuuzia kwa bei yoyote utakayotaja bila aibu. Ni kweli. Kwa hiyo ukiisha tu mwaka mpya hushuka Kariakoo, hununua Krismasi ijayo, na kututumia kwa basi ili isimjazie chumba. Februari moja lilitufikia boksi refu. Ndani mlikuwa na mti wa plastiki, nyuzi za kumetameta, maputo, taa za rangi, na bahasha iliyoandikwa jina la Bibi: kadi ambayo ukiifungua inapiga wimbo wa Noeli kwa kikinanda chembamba cha betri.

Kwanza nitoe maoni yangu juu ya mti. Kupeleka mti wa plastiki Sumbawanga, ambako misindano imejaa na tawi unapewa bure ukiomba kwa heshima, ni kupeleka migebuka ziwani Kirando. Lakini mtoto wa watu alitumia nauli yake, tukashukuru.

Maputo yalishikamana kwa joto la bati yakawa puto moja lenye rangi nyingi. Taa Baba alizijaribu siku ile ile. Umeme wa mji wetu kwa miaka mingi ulivuka mpaka kutoka Zambia, na Baba alipenda kusema kwamba ukiuchezea unaharibu ujirani mwema. Akachomeka, zikawaka zote, watoto wakapiga kelele, zikazima zote, na hazikuwaka tena. Nyuzi za kumetameta zilibebwa na baba mdogo akapambia bodaboda. Abiria wa mwezi wa tatu wakawa wanamuuliza yeye ni wa dhehebu gani.

Kilichobaki Bibi alikitolea hukumu. Bibi ni Mkatoliki wa zamani. Kwake kuna Majilio, dominika nne za rangi ya zambarau, na kabla ya mkesha hakipandi kitu ukutani. Kuona pambo la Noeli ndani ya Kwaresima kulimuumiza. "Yesu hajafa, nyie mnataka azaliwe?" Akaamuru boksi lipande darini. Bahasha, kwa kuwa ilikuwa zawadi yake mwenyewe na hakupaswa kuijua, Mama aliichomeka chini kabisa ya boksi.

Darini kuna panya. Hilo lilijulikana, halikuzingatiwa.

Sasa, watu wa mikoa mingine wana habari zao juu ya Sumbawanga. Jitambulishe Morogoro au Arusha kwamba umetoka huku, muuza chipsi atakuzidishia kachumbari bila kuombwa. Watakuuliza radi mnazipeleka vipi, kuna ungo wa kwenda Dar bila foleni? Tumechoka kueleza kwamba radi ni za mvua na mvua ni ya Mungu. Lakini mji wenye jina kama hilo unalazimika kuwa mwangalifu kuliko mingine. Huwezi kuacha kitu kikaimba saa nane za usiku juu ya dari ambako hakuna mtu.

Kiliimba. Ilikuwa Septemba, usiku wa baridi, kimya kitupu, na sauti nyembamba ikaanza juu ya vichwa vyetu, haraka haraka, wimbo wa kizungu, bila maneno. Bibi aliamka wa kwanza. Akashika rozari. Baba akashika tochi na panga, akaangaza dari kona zote, na dari ikaendelea kuimba. Mama akaketi kitandani akakumbuka. Alimvuta Baba shati, akamnong'oneza, na Baba akashusha panga polepole. Sasa wakawa wawili wanaojua, wamesimama mbele ya Bibi, na njia ya kumtuliza Bibi ni kumwambia kuhusu zawadi ambayo haruhusiwi kuijua mpaka Desemba. Wakatazamana. Wakachagua zawadi.

Bibi akaleta chupa ya maji ya baraka, akarusha juu mara tatu. Kikinanda kikanyamaza. Nina hakika panya alitoa mguu wake. Bibi ana hakika na jambo jingine, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumpinga.

Asubuhi jirani wa ukuta wa pili alikuja, akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi, taratibu kuliko siku zote. "Jana usiku mlikuwa na mkesha?" Mama akasema ndiyo, tulikuwa na kamkesha kadogo. Jirani akaitikia, akaaga, na mwezi mzima aliturudishia kila kitu alichowahi kuazima, mpaka ungo.

Panya aliendelea na ibada zake, kila mara sauti ikizidi kulegea, hadi betri ikaisha Oktoba. Siku ya Krismasi Bibi alikabidhiwa bahasha mbele ya watu wote. Akafungua kadi. Tukasubiri. Akaigeuza, akasifu picha, kwenye kona iliyoliwa akapitisha kidole bila neno. Shangazi akapiga simu kutoka Dar, tukaiweka sauti ya juu.

"Mama, imeimba?"

"Nini?"

"Kadi, Mama. Imekuimbia?"

Bibi akatutazama mmoja mmoja, kisha akaisogelea simu. "Mwanangu, kadi inasomwa. Huko Dar mnakunywa nini?"

Mti wa plastiki ulishushwa darini baada ya mambo ya usiku ule na kuegeshwa nyuma ya banda la kuku, kwa sababu Bibi hakutaka ulale chini ya bati moja naye. Hapo Mama alikuwa amekwisha kununua majogoo wa sikukuu. Jogoo wa Septemba ni rahisi, wa wiki ya Krismasi anauzwa kama ana cheti cha kuhitimu. Mama aliwakusanya kutoka minada ya vijiji, wawili Ntendo, wengine huku na huku, kwa nia ya kuwanenepesha kwa chenga za mahindi. Majogoo wakalikataa banda wakaupenda mti. Jua likizama walipanda, kila mmoja na tawi lake, na mwenye mkia mwekundu alikaa kileleni pale inapowekwa nyota. Nimeona miti mingi ya Krismasi mijini, mingine imesimamishwa na mafundi kwenye maduka makubwa. Hakuna uliopambwa kuupita ule.

Ukikusanya kuku kutoka vijiji vingi msimu wa kiangazi, unakusanya na kideri. Bwana mifugo alikuwa amesema: chanjo ya matone, tone moja jichoni, rudia kila baada ya miezi mitatu. Mama alipanga wachanjwe wote pamoja wakishatimia idadi. Mmoja akaanza kupinda shingo kabla idadi haijatimia. Kwa kideri hakuna kikao. Kesho yake walianguka wawili, wakafukiwa. Waliobaki walikuwa wazima bado, lakini kila mtu alijua ni suala la siku, na Mama akatoa tamko alfajiri, kisu mkononi: tunakula Krismasi leo.

Ilikuwa katikati ya Oktoba, Jumanne. Mchele wa bonde la Rukwa ulikuwepo, ulinunuliwa Julai. Soda zilikuwepo. Pilau likapikwa na majirani wakaitwa, na kila aliyefika aliuliza kuna nini, akajibiwa kuna kideri, akanawa mikono. Bibi alikubali chakula akakataa nyimbo. Mtu asithubutu kuimba Noeli Oktoba mbele yake. Watoto walivaa nguo za fundi, na kwa kuwa ilikuwa Oktoba zilikuwa zimetukaa sawasawa, pindo halijafumuliwa, gauni la dada linapitisha hewa. Baba alitoka chumbani na suti yake ya kaunda. Ilimkaa. Alitembea uani mikono nyuma, ameiachia suruali, na suruali ilibaki juu. Jirani wa ukuta wa pili alimwambia amependeza, akamjibu, "Ya Agosti hii."

Ile ya Desemba tulikula ugali na dagaa, na sina mengi ya kusimulia juu yake.

Mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kuvuka mpaka na bei ikaporomoka, Mama hakununua chochote mapema kwa kuwa hakukuwa na cha kununulia. Hakuna kilichopotea mwaka ule, hakuna kilichoimba, hakuna kilichokufa. Nilichoka kweli kweli.

Aliyekuwa anatucheka miaka yote hii ni jirani yetu mwenye duka, Mwislamu, tunayemwita Mama Duka. Hoja yake haina jibu. "Sikukuu yenu imepigiliwa msumari. Yetu inatembea." Idi hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2015 na 2016 Idi el-Fitri iliangukia Julai, mahindi yako uwanjani, fedha inaingia. Mama Duka alichinja mbuzi miaka yote miwili akatuletea sinia, na kila sinia lilikuja na mahubiri. "Mwezi unajua mkulima anavuna lini. Jua lenu halijui."

Mama alinyamaza, akala, akawa anangoja. Hivi karibuni mjukuu wa Mama Duka aliyesoma akakaa barazani na simu yake, akaipeleka kalenda mbele kumfurahisha nyanya yake, na akafika mwaka 2033. Huko, kwa hesabu, Idi el-Fitri itaangukia karibu na tarehe 23 Desemba, mwezi ukiandama. Siku mbili kabla ya Noeli. Mvua inanyesha, mbolea imenunuliwa, mfuko mtupu, na Mama Duka katikati ya tope pamoja nasi.

Nilitegemea Mama amcheke. Hakumcheka. Aliuliza tarehe irudiwe, akavuta kigoda, na wanawake wale wawili wakaanza kupanga. Ng'ombe mmoja, achinjwe na upande wa Mama Duka ili wote wale. Pilau moja. Watoto wa nyumba zote mbili jora moja, ila fundi asipime kabla ya 2032. Baba alijaribu kuuliza kama haijawa mapema kidogo. Aliambiwa bei za vyombo hazimsubiri mtu.

Mwezi wa nane uliofuata, mahindi yalipouzwa, walichanga wakanunua sufuria, lile la kupikia harusi, watu wawili hawalizungushii mikono. Wiki ya pili likaazimwa kwenye harusi moja ya Izia. Mpaka naandika haya halijarudi, na Mama Duka anasema waliolichukua ni upande wetu.